Galaksi Zilizonyooshwa kwa Jina Langu

Siku ile nilirudi kutoka kunyonyesha mapema kuliko kawaida, kwa sababu Minza alikataa kunyonya. Alinivuta nywele, akacheka, basi. Nikaona nimpitishe ofisini awasalimie wenzangu kabla bibi yake hajamrudisha nyumbani Mabatini. Nikasukuma mlango, nikamkuta msimamizi wetu, Kulwa, amekaa kwenye kiti changu. Simu ameibana begani, anabishana na fundi kuhusu betri ya gari, na mkono wa kulia unabonyeza kitufe kimoja tu. Bapa. Bapa. Bapa. Skrini hata haitazami.

Mimi niliitazama. Galaksi iliyokuwa imefunguka ilikaa kiubavu, nyembamba kama ukingo wa sahani, na ncha zake zilikuwa zimepinda, moja imekwenda juu, nyingine imekwenda chini. Mtoto wa chekechea angeona. Kulwa akabonyeza Bapa, ikaondoka, ikaja nyingine.

"Ile imepinda," nikasema.

Akageuka. "Ah, Mama Minza, umewahi! Nakushikia kiti."

"Ile imepinda, Kulwa. Irudishe."

"Hairudi. Tulia bwana, nakuokoa hapa."

Niling'oa waya wa kipanya, nikakibeba kipanya chenyewe mkononi kama panya wa kweli niliyemkamata jikoni. Minza akaanza kulia, mimi nikaanza kupiga kelele, na chumba kizima kikaacha kubonyeza. Mimi naihesabu hiyo kuwa siku niliyostaafu, ingawa nilirudi kesho yake kuchukua kikombe changu.

Nasema kustaafu, na najua mnacheka. Sijafika hata miaka thelathini. Lakini mtu akiacha kazi pekee aliyowahi kuifanya tangu atoke kidato cha nne, na anajua hapa Mwanza hakuna ofisi nyingine ya kuifanya tena, mnataka aiteje? Nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye chumba kile, na mtakaokuja baadaye. Vyeo na mishahara siviandiki. Cheo sikupata, na mshahara mnaujua.

Siku ya kwanza nilifika nikidhani naenda kuchapa barua. Ofisi ilikuwa juu ya duka la nyavu na maboya, ngazi nzima inanuka nailoni mpya. Nikakalishwa mbele ya skrini, ikaja picha ya kitu kama moshi wa sigara uliozungushwa na kijiko. Nikaambiwa ile ni galaksi, kundi la nyota nyingi zisizohesabika, na kazi yangu ni kusema naona nini. Wataalamu wa nyota huko nje wana picha nyingi kuliko macho. Wanahitaji watu wa kuzitazama moja moja: ina mikono ya nyota iliyojizungusha au haina, katikati ina fimbo ya nyota au haina, ukingo wake ni bapa au umepinda. Majibu yetu ndiyo yanayofundisha mashine zao na kuingia kwenye hesabu zao. Mama mkwe wangu nilipomweleza alinitazama kwa muda mrefu.

"Yaani mnatazama nyota mchana?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanawalipa?"

"Kidogo."

"Basi tazama, mwanangu. Wazungu wana pesa za kuchezea."

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Nestori, Mhaya wa Muleba aliyefundisha fizikia shule za sekondari hadi akachoka kupiga kelele. Ndiye aliyetafsiri maandishi ya vitufe vyote kwa Kiswahili, kwa sababu alisema mtu hawezi kuona vizuri kwa lugha anayoiogopa. Somo lake la kwanza alituonyesha galaksi moja nzuri, duara, akauliza, "Mnaona nini?"

"Sahani," tukasema.

"Nini kimeishika isitawanyike?"

Mwenzangu Dina, msichana wa Magu tuliyeanza naye siku moja, akajibu, "Si nyota zenyewe zinavutana?"

"Zinavutana, lakini hazitoshi." Akatueleza. Nyota za pembeni ya sahani zinazunguka kwa kasi inayokaribia ile ya zile za ndani, na ukijumlisha uzito wa kila kinachowaka mle, hauwezi kuzishika kwa kasi hiyo. Zingesharushwa nje zamani. Kwa hiyo kuna kitu kingine, kizito kuliko nyota zote, kisichowaka, na sahani imezama ndani yake. Wataalamu wanakiita halo la mata ya giza. Mwalimu hakupenda kutuachia jina likining'inia. "Dina, kwenu Magu mnalima pamba. Chukua chapati, izike katikati ya gunia kubwa la pamba. Sasa tuseme pamba haionekani kwa macho. Unaona nini?"

"Chapati imekaa hewani."

"Imekaaje?"

"Vile pamba inavyoibana."

"Basi kazi yako ni chapati. Ukiitazama vizuri, kuna watu watajua gunia likoje."

"Mwalimu, chapati si itajaa manyoya?"

"Wewe utafaulu," akasema. "Ndiyo kwanza umeanza na tayari unasimamia usafi wa ulimwengu."

Vitu vya mkono nilivyojifunza kwake nawaachia. Skrini ifuteni kwa kipande cha kanga chenye unyevu kidogo, tishu inaacha vumbi na vumbi mtaliita nyota. Pazia la upande wa ziwa lifungwe kuanzia saa nane, jua likigeuka. Galaksi iliyofifia msiisogelee, rudini nyuma na mkunje macho. Ikikataa, geuzeni rangi, anga liwe jeupe na nyota ziwe nyeusi, vitu vilivyojificha vinajitokeza kama madoa ya mchuzi kwenye shati. Na kila mara ondoeni macho mkatazame mawe kule ziwani, yale makubwa yaliyopandana. Mwalimu alisema hayo ndiyo miwani ya maskini.

Kesi ngumu zilikuwa za namna tatu. Kwanza fimbo. Katikati ya sahani nyingine nyota zimejipanga kama mwiko, na kuna miiko mifupi ambayo huwezi kuapa kama ipo. Mwalimu alisema sahani ambayo uzito wake mwingi ni wa nyota zake yenyewe ni nyepesi kuota fimbo, na ile iliyoshikwa imara na halo inachelewa. Ila fimbo ikishaota, halo hilohilo huanza kuinyang'anya mzunguko kidogo kidogo, fimbo inarefuka na inapunguza mwendo. "Kama ndoa," akasema Dina, na hakuwa na mume bado.

Pili ni zile pana zilizofifia, karibu hakuna kitu, ukungu tu. Watu wengi walibonyeza kwamba hakuna galaksi. Mwalimu alikasirika sana. Hizo ndizo zenye nyota chache na halo kubwa, alisema, na huenda halo lilizaliwa na mzunguko mwingi ndiyo maana sahani ikatandazwa nyembamba hivyo. Ukisema hakuna, umemfuta mtu ambaye karibu mwili wake wote hauonekani, na kidogo kinachoonekana ndicho umekikataa.

Tatu ni za kupinda, na hizo ndizo zilikuwa zangu na Dina. Jioni moja Mwalimu alitupandisha Capri Point, giza likianza kuingia, taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka mbali. Mitumbwi haionekani, maji hayaonekani, ni taa tu. "Zitazameni zile," akasema. Taa za upande mmoja zilikuwa zinapanda, za upande mwingine zinashuka, taratibu, pamoja. "Wimbi hamlioni. Lakini mnajua lipo, na mnajua linaelekea wapi." Ndivyo ilivyo kwa ukingo wa sahani. Ukipinda, mara nyingine ni jirani aliyepita karibu akauvuta. Lakini mara nyingine ni kwamba halo halijalala sawa na sahani, limeinama kivyake, na linavuta kingo zilifuate. Ukingo uliopinda ni moja ya mahali pachache ambapo kitu kile kisichoonekana kinaacha alama ya mkono. "Kwa hiyo ukiona umepinda hata kidogo," akasema, "usione haya kusema."

Dina hakuona haya. Alikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa mzuri. Yeye alikuwa anaona kupinda kabla picha haijamaliza kufunguka.

Sasa nifike kwenye kiti. Nyinyi mnajua: skrini ikikaa bila kuguswa, inawaka nyekundu kwa msimamizi, na nyekundu zikiwa nyingi ofisi inanyimwa mafungu ya picha nzuri. Kwa hiyo tangu zamani tulikuwa na desturi ya kushikiana kiti. Ukienda msalani, jirani anahamia kwako, anabonyeza mbili tatu, anarudi kwake. Ulikuwa upendo tu, kama kumshikia mtu foleni hospitalini. Mwalimu aliipiga marufuku kila alipoiona. "Jicho haliazimwi," alisema. Tukaitikia, na alipotoka tukaendelea.

Miguu ikamsumbua, akarudi kwao Muleba. Akaja Kulwa. Nitasema ukweli: Kulwa si mtu mbaya. Umeme ukikatika alibeba jenereta mwenyewe kwenye ngazi zile. Msiba wa baba yangu alikuja hadi Misungwi, akachimba kaburi na vijana. Lakini kwa Kulwa galaksi zilikuwa mafungu ya kumaliza, na nyekundu ilikuwa ugonjwa.

Dina alijifungua kabla yangu. Alirudi kazini, mtoto akawa analetwa, anamnyonyeshea kwenye stoo ya chini katikati ya marobota ya nyavu. Kulwa akamwambia asijali, kiti chake kitashikwa. Tukamsifu Kulwa! Tulisema ona, mwanaume anayeelewa.

Baada ya muda alama za Dina zikaanza kuanguka. Kuna galaksi za mtihani zinazochanganywa na nyingine, ambazo jibu lake wataalamu wanalijua tayari, na Dina alikuwa anazikosa zile za kupinda. Dina! Alikuwa anaambiwa kwamba aliandika bapa kwenye vitu vilivyojikunja kama ganda la ndizi. Alilia msalani. Mimi, rafiki yake, nilimwambia ale karoti. Nilimwambia ni usingizi, mtoto akikua yatapita. Hayakupita. Akaitwa, akaambiwa tangu ajifungue macho yake yamelegea, akaondoka na mfuko wa rambo. Kiti chake akapewa mtu mwingine wiki ileile.

Kisha nikajifungua mimi. Mama mkwe akawa anamleta Minza kwa bajaji, ananisubiri stoo, na kila siku ana jipya.

"Nyota zimefika ngapi leo?"

"Hatuzihesabu mama, tunazitazama."

"Mnyonyeshe haraka basi, zisije zikaondoka."

Alama zangu zikaanguka vilevile. Kulwa aliniita pembeni kwa upole kabisa, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo. "Mama Minza, pole, lakini tangu ujifungue macho yamelegea. Ilikuwa hivyo hivyo kwa Dina. Nadhani ni mambo ya uzazi." Nikamwamini. Nikaenda kupima macho, daktari akamulika, akanisomesha herufi, akasema, "Macho mazima, mama. Lala usingizi." Sikumwamini daktari, nilimwamini Kulwa. Nilikuwa nakaa mbele ya sahani iliyopinda waziwazi, nabonyeza Imepinda, halafu najiuliza kama kweli nimeona. Nikawa naifungua picha, nafunga macho, nayafungua tena. Mtu akikuambia huoni, hata mkono wako mwenyewe unauonea shaka. Nikaanza kufikiri nimwachishe Minza, maana labda maziwa ndiyo yanayonimaliza. Nilikuwa nimeshanunua unga wa uji.

Mpaka siku ile Minza alipokataa kunyonya, nikafungua mlango mapema.

Baada ya kupiga kelele tulisimama kwenye ngazi, mimi na Kulwa, mtoto anapiga kwikwi begani kwangu, mama mkwe amepanda hadi katikati anasikiliza bila aibu.

"Kwa nini unabonyeza bapa?" nikamwuliza.

"Kwa sababu nyingi ni bapa. Ukibonyeza bapa hukosei sana."

"Na zilizopinda?"

"Mama Minza, zilizopinda ni chache."

"Ndizo kazi yangu! Ndizo ninazowekewa mimi! Ulikuwa unanishikia kiti kila siku?"

"Mimi, au yeyote atakayekuwa karibu. Skrini ingekuwa nyekundu. Ningeandika nini kwa wenye mradi, kwamba wafanyakazi wangu wako chini wananyonyesha?"

"Ndiyo! Uandike hivyo! Ni haki yangu kisheria, kwa nini usiandike?"

Ndipo likanijia swali ambalo lilipaswa kunijia zamani.

"Na Dina?"

Akatazama nyavu kule chini.

"Kulwa. Dina alishikiwa kiti na nani?"

"Mimi mwenyewe," akasema. "Nilikuwa namsaidia."

Mama mkwe akasema neno la Kisukuma ambalo silitafsiri.

Mwenye ofisi alinipigia simu. Alisema yaliyotokea ni bahati mbaya, nisiyakuze. Nikubali kwa maandishi kwamba makosa ni ya uchovu wa uzazi, nihamishiwe kwenye galaksi zinazotazama mbele, zisizokaa kiubavu, kazi nyepesi, kuhesabu mikono tu. Nikamwuliza na zile zilizobonyezwa? Akasema zimeshatumwa. Nikamwuliza tena, na zile zilizobonyezwa? Akasema nina shida gani, ni picha tu.

Ni picha tu. Kuna mtu mahali fulani amepokea majibu yetu, na kwenye majibu hayo sahani ambazo kingo zake zilikuwa zinaelekeza mahali halo lilipoinama, zote zimenyooshwa. Atahesabu, ataona kupinda ni kuchache, ataandika kwamba halo mara nyingi hulala sawasawa na sahani yake, mambo yametulia. Atakuwa mtu mwaminifu. Hatajua kwamba ulimwengu wake ulitulia kwa sababu huku Mwanza watoto wawili walikuwa na njaa na msimamizi aliogopa rangi nyekundu. Nikilifikiria hilo hasira inapungua inabaki huzuni, na huzuni siiwezi, bora hasira.

Nilikwenda Magu. Dina anauza mchele barabarani, anaupepeta kwa ungo mbele ya wateja waone hauna mawe. Nilimweleza yote nimesimama. Hakuacha kupepeta. Mwisho akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo nilikuwa naona," akasema.

"Ulikuwa unaona."

"Zote zile nilizosema zimepinda, zilikuwa zimepinda."

"Zote, Dina."

Mteja akauliza bei, hakumjibu. "Nilimwachisha mtoto," akasema. "Mapema mno. Niliambiwa macho, nikadhani ni maziwa. Akaugua, unakumbuka alivyougua? Wewe ulikuja kunipa pole."

Nilikumbuka. Nilikwenda na matunda na karoti zile. Mtoto alipona, anakimbia. Lakini ile miezi haitarudi, kwake wala kwa mama yake, na hakuna ofisi inayoweza kuitazama upya.

Alinifungia mchele nusu mfuko, akanikataza kubisha, akaniambia kama naandika popote nisiandike kwa kulia. Basi sikulia. Niliandika kwa mkono, nikaenda kuchapisha, nikapeleka nakala moja kwa afisa kazi na nyingine nikaituma kwa wataalamu wenye picha, kwa Kiswahili, watafute wa kuwasomea. Neno kwa neno ni hili:

"Mimi ni mfanyakazi wa zamani wa ofisi ya kutazama galaksi. Nalalamika kwamba muda wangu wa kunyonyesha, ambao sheria inanipa, haukuandikwa kuwa muda wa kunyonyesha. Uliandikwa kuwa muda wa kazi, na mtu mwingine akajibu kwa jina langu bila kutazama. Hayohayo alifanyiwa kabla yangu mwenzangu Dina, akaachishwa kazi kwa makosa asiyoyafanya. Siombi kurudishwa. Naomba jina la Dina lisafishwe kwanza, kabla ya langu. Naomba mama yeyote atakayenyonyesha ofisini pale, skrini yake izimwe na iandikwe kwamba ananyonyesha. Na naomba majibu yote yaliyotolewa kwa majina yetu katika saa hizo yafutwe, galaksi hizo zirudishwe, zitazamwe upya na mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Imeandikwa kwamba mimi nilisema ni bapa. Sikusema. Sikuziona kabisa. Nilikuwa chini, namnyonyesha mwanangu."